Mara Saba Aliomba Ukunga

Kwa miaka mingi sikujua alizaliwa mwaka gani, ingawa niliwahi kuuona mwaka huo umeandikwa mbele ya macho yangu, nikaufuta. Ninachojua ni kwamba aliomba mara saba, na baadaye tena, kusomea ukunga, katika shule ambayo yeye mwenyewe alitunza mashine zake, na kila alipoitwa kwenye mtihani alijibu kwa adabu kwamba hataweza kufika.

Tulimwita Mzee wa Posta. Alipanga barua kwenye kaunta tangu kabla sijajua kusoma, na barua za karatasi zilipopungua, shule yetu ya wauguzi na wakunga ikamchukua aangalie barua za siku hizi. Hakuna aliyeona ajabu. Mkuu wa shule, tunayemwita Madame Directrice, alisema barua ni barua, anayejua kuzifikisha anajua. Nilipoajiriwa, shahada yangu ya kompyuta ikiwa bado kwenye bahasha ya plastiki, nilimkuta ameketi mbele ya skrini na kofia yake ya kufuma, mikono yote miwili juu ya meza, kama mtu anayesubiri mteja afike dirishani.

"We ndiye licencié?"

"Ndiyo, Mzee."

"Karibu, Lisansiye. Kiti kile kina mguu mfupi. Usiegemee kushoto."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine pale ila hilo, mwenye shahada. Na mimi sikumuuliza lake. Kwetu humuulizi mtu wa umri ule jina lake, kama usivyomuuliza kwa nini anatembea polepole. Miaka minne tulikaa chumba kimoja, tukala mihogo kwenye sahani moja, na sikuwahi kujua jina alilopewa na wazazi wake. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa langu kubwa lilitoka hapo.

Alitoka mtaa wa Buyenzi kwa miguu kila asubuhi, akipita katikati ya magereji, akisalimia kila mtu aliyekuwa chini ya gari kwa kuisalimia miguu yake. Alijua miguu ya watu. Akifika, aliifuta skrini kwa kitambaa, akasema bismillah, ndipo akawasha. Vidole vyake vilibaki na tabia ya kaunta. Karatasi yoyote uliyompa, aliigonga mezani mara mbili ili kingo zikae sawa. Niliwahi kumpa simu yangu aone picha, akaigonga vilevile.

Alikuwa na sheria moja kuhusu barua za watu: soma anwani, usisome maneno. Nikifungua barua ya mwombaji mbele yake ili kutafuta hitilafu, alifunika sehemu ya chini ya skrini kwa kiganja. "Anwani ni yetu," alisema. "Maneno ni ya wenyewe." Ungedhani ni mtu asiyependa mambo ya watu. Lakini mtu huyohuyo alitaka kujua habari zote za Mama Sekretari, mwenzetu aliyetoka Uvira: dada yake yule ameolewa? Mume akoje? Mahari ilienda au bado? Mama Sekretari alimwambia, "Muzee, we ungekuwa unasoma tu barua zangu, ingekuwa rahisi." Yeye akajibu kwamba kusoma ni dhambi, kuuliza ni ujirani.

Mama Sekretari ndiye aliyezoea kumwita Mukunga. "Mukunga wetu leo amechelewa!" "Mukunga, chai iko tayari!" Nilidhani ni kwa sababu alipenda kutuhimiza, kama wakunga wanavyohimiza. Sikuuliza. Ndivyo nilivyo: jambo la kuuliza kwa dakika moja, mimi huenda nalo nyumbani Kinama, nikalilalia, nikalirudisha asubuhi likiwa limekua.

Kabla sijafika pale, kulitokea jambo ambalo sikuliona, lakini nililisikia mara nyingi kiasi kwamba nalikumbuka kama langu. Kijana aliyetengeneza programu ya kwanza ya shule, ile inayopokea maombi kwenye tovuti na kuwatumia waombaji barua ya kuitwa kwenye mtihani, barua tunayoiita konvokasio, aliandika habari za seva ya kutumia barua ndani kabisa ya programu. Jina la seva, namba ya mlango wake, neno la siri, vyote vilikuwa mle, kama mtu aliyejengea ufunguo ndani ya ukuta. Kisha akaenda kuishi ng'ambo. Mwaka mmoja, wiki ya mtihani, kampuni iliyotupa seva hiyo ikabadilisha kila kitu. Programu ikawa bubu. Hapakuwa na mtu wa kuuvunja ukuta.

Mama Sekretari aliandika konvokasio kwa mkono, na Mzee akazipeleka kwa baiskeli ya kuazima. Alianza Kinama. Siku ya tatu akafika njia ya Gatumba, akakuta maji yamefunika barabara. Aliiacha baiskeli kwa watu, akampa barua zilizobaki mwanamke aliyekuwa akivuka na beseni kichwani. Halafu akakaa palepale ukingoni. Alikaa mpaka alasiri, mpaka mtu mwingine akavuka kurudi upande wake na kumwambia: zimefika, nimeziona mikononi mwao. Ndipo akaichukua baiskeli ya watu akarudi.

"Ungeondoka tu," nilimwambia siku aliponisimulia. "Ulishampa."

"Kumpa nilimpa. Mi nilikuwa sijui kama zimefika."

Kwa hiyo, alipoambiwa kwamba mimi nitaandika programu mpya, alikuja na ombi moja. Alitaka ukurasa ndani ya programu yenyewe, ambapo Mama Sekretari angeweza kubadilisha habari za seva wakati wowote, programu ikiwa inafanya kazi, bila kuizima na bila kumtafuta mtu kama mimi.

Niliogopa. Je, akikosea herufi? Je, watu wawili wakibadilisha kwa wakati mmoja? Je, mtu akilichungulia neno la siri juu ya bega lake? Je, barua ikiwa katikati ya kutumwa seva ikabadilika, inakwenda na ya zamani au ya mpya? Niliandika maswali kumi na moja kwenye karatasi, nikampelekea. Aliigonga karatasi mezani mara mbili, akayasoma yote, akanirudishia.

"Maswali mazuri. Sasa jenga."

"Mzee, ni salama zaidi kuzima kwanza, ndipo tubadilishe."

"Posta haifungi dirisha kwa sababu lori limebadili njia. Watu wako kwenye laini. We badilisha lori huko nyuma."

Nikajenga. Ukurasa ulikuwa na visanduku vya kuandika jina la seva, namba ya mlango, jina la mtumiaji, neno la siri na anwani ya mtumaji. Neno la siri, ukishalihifadhi, lilionekana nukta tupu. Chini niliweka kitufe cha kujaribu: unaandika anwani, unabonyeza, barua moja ya majaribio inakwenda. Nilikipenda sana kitufe hicho. Nilikibadilisha rangi mara nne.

Mzee alikiangalia kama mtu anayeangalia pasi mpya ya umeme wakati ana ile ya makaa.

"Hii inajaribu nini?"

"Inatuma barua, Mzee, tuone kama seva inakubali."

"Inapita njia ileile ya wanafunzi?"

"Seva ni ileile."

"Sikuuliza seva. Nimeuliza njia."

Nikamjibu kwamba ni kitu kimoja. Mimi ninayefikiria kila jambo mara tano, hilo nililifikiria mara moja.

Kila mwaka, siku ya kutuma konvokasio, niliipitia orodha mstari kwa mstari. Skrini ilionyesha zimetumwa, lakini mimi sikuamini. Na kila mwaka, kama robo saa baadaye, Mzee aliinua kichwa mezani kwake na kusema kwa utulivu, "Zimefika." Hakuwa ameangalia skrini yoyote ya shule. Nilidhani ni uzoefu. Nilidhani mtu akikaa na barua maisha yake yote anazisikia zinapotua, kama mkulima anavyosikia mvua iko mlima gani.

Sitaki aonekane mtu asiyekosea. Aliyemwambia kila mtu asiamini mashine inayojisifu ndiye aliyemwamini jirani yake muuzaji wa vipuri, aliyemuuzia redio mbovu ileile mara mbili. Na yeye aliyejaribu kila kitu hakutaka kujaribiwa macho. Wanafunzi wetu walikuwa na siku ya kupima macho ya wafanyakazi, bure, kwa mazoezi. Alikaa kwenye benchi nje, akawasikiliza wenzake wote wakisoma herufi za ubaoni, akazikariri. Zamu yake ilipofika alizitaja zote kwa mpangilio, bila kukosa hata moja, uso ukiwa umeelekea dirishani. Ubao ulikuwa kwenye ukuta wa pili. Mwanafunzi aliyekuwa akipima alijikaza, lakini Mama Sekretari alicheka mpaka akatoka nje.

"Munacheka nini?" Mzee aliuliza. "Nimekosea wapi?"

Macho hayo ndiyo yaliyomwondoa kazini. Alistaafu mwanzoni mwa mwaka wangu wa tano. Tulimuaga kwa mishikaki na Fanta, Madame Directrice akatoa hotuba, na yeye alipoombwa aseme neno alisema tu kwamba kiti chenye mguu mfupi kitengenezwe. Nilikaa peke yangu chumbani, nikijiona mkubwa na mdogo kwa pamoja.

Mwaka huo ndio niliofanya kosa.

Wiki mbili kabla ya mtihani, nilikuwa nikisafisha orodha ya waombaji kwa mara ya kwanza: waliojiandikisha mara mbili, walioandika upuuzi. Nikakuta jina moja, refu, la Kiislamu, nisilolijua, mtu wa umri wa kuwa babu yangu, akiomba kusomea ukunga. Nikatafuta nyuma. Alikuwa ameomba kila mwaka, mara saba. Nilishtuka. Je, ni mtu anayetuchezea? Je, ni mgonjwa wa akili? Je, ana haki ya kuomba, na nikimfuta nitakuwa nimemnyima haki? Nilifikiria siku tatu. Mama Sekretari alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, lakini niliogopa kuonekana sijui kazi. Siku ya nne nilimfuta, na safu zake zote saba.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, kampuni ya seva ikatuandikia kwamba inahamia mashine mpya. Safari hii hatukuogopa. Mama Sekretari alifungua ukurasa wangu, akaandika habari mpya, akabonyeza kitufe cha kujaribu. Barua ikaja palepale. Akapiga makofi. "Lisansiye, we ni mutu! Sasa tunaweza hata kwenda likizo." Siku hiyo, Jumatano, nikatuma konvokasio zote, mia mbili na kumi na moja. Skrini ikaandika zimetumwa, kila mstari kwa rangi ya kijani. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Hakuna aliyeinua kichwa akasema zimefika. Nililiona pengo hilo, nikajiambia ni mazoea tu.

Ijumaa, kama saa nne asubuhi, Mzee aliingia. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, na fimbo ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Amahoro, Lisansiye."

"Amahoro, Mzee! Karibu, keti."

"Sikuja kukaa. Sijaitwa."

"Kuitwa wapi?"

"Kwenye mutihani."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Mama Sekretari hakucheka. Alisimama, kalamu ikiwa bado mkononi.

"Mukunga hajapata konvokasio? Lisansiye, umefanya nini?"

Alivuta droo yake ya chini, akatoa karatasi sita zilizobanwa pamoja, akaniwekea mezani. Zilikuwa barua pepe alizozichapa mwaka hata mwaka, kwa kuwa zilimfurahisha. Zote zilisema jambo moja: Nashukuru kwa kuniita kwenye mtihani wa ukunga. Nasikitika kwamba sitaweza kufika. Chini yake lilikuwa lile jina refu nisilolijua.

Nilielewa vyote kwa mara moja: zile robo saa, kile kichwa kilichoinuka, simu yake ndogo iliyokaa siku zote kwenye mfuko wa shati. Hakuwa akisikia barua zinapotua. Alikuwa amejiweka miongoni mwa wanaosubiri.

"Nilikufuta, Mzee," nikasema. "Sikujua ni wewe. Nilidhani ni mtu anatuchezea."

"Ulifikiri kwanza?"

"Siku tatu."

"Ungeuliza dakika moja." Hakukasirika. Alivuta kile kiti chenye mguu mfupi, ambacho hakikuwa kimetengenezwa, akakaa akiegemea kulia. "Haya. Mi nimefutwa, sababu yangu imejulikana. Bengine je?"

"Wengine walitumiwa wote. Tazama hapa, Mzee. Zimetumwa."

"Hiyo ni mashine inasema habari ya mashine. Mutu amesema nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amesema chochote. Siku mbili bila simu moja ya malalamiko, na mimi nilikuwa nimeuita ukimya huo amani.

"Nipe wa mbali," akasema.

Nikatafuta mwombaji wa Gatumba aliyeandika namba ya simu. Mama Sekretari akapiga, akaweka sauti juu. Tulisikia malori, kisha sauti ya msichana.

"Allo?"

"Mwanangu, hapa ni shule ya wakunga. Ulipata konvokasio yako?"

"Apana. Nilingojea mpaka jana. Basi nikajua hamukunitaka."

"Nani alikwambia hatukutaki?"

"Hakuna mutu. Niliona tu kimya." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Sasa niko na mama hapa, tunatengeneza samaki, hizi ndagala. Jumatatu naanza kuuza na yeye."

Mzee akainama juu ya simu, karibu kuigusa kwa mdomo. "Jumatatu usianze, binti. Ngojea barua."

"Ni nani anasema?"

"Mwenzako. Mi pia nimeomba ukunga."

Tukasikia akicheka, na mama yake akiuliza kuna nini.

Simu ilipokatwa nilikuwa tayari nimesimama. Nilitaka kuandika upya sehemu nzima ya barua, nilitaka kumwandikia Madame Directrice barua ya kuacha kazi, nilitaka kuwapigia wote mia mbili na kumi na moja, ingawa nusu yao hawakuandika simu, au waliandika ya jirani. Na bila konvokasio mkononi mlinzi hamfungulii mtu lango siku ya mtihani.

"Lisansiye," Mzee akasema. "Niandikishe kwanza."

"Naweza kukuingiza moja kwa moja kwenye orodha, Mzee. Sekunde mbili."

"Apana. Huo ni mulango wa wakubwa. Mi napita na watu."

Akatoa simu, akaisogeza mpaka karibu na pua, akaanza kujaza fomu kwenye tovuti kama mwombaji yeyote. Ilimchukua karibu nusu saa. Sijawahi kungoja kitu kirefu kama kile. Penye swali la kwa nini anataka kuwa mkunga niliona ameandika: Napenda kitu kitoke salama. Ndipo nikamtumia konvokasio yake, peke yake, kwa njia ileile ya wote.

Skrini ikaandika imetumwa, kwa kijani. Simu yake ilikuwa mezani. Sote watatu tuliitazama. Haikutikisika. Tukangoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona programu yangu ikisema uongo mbele ya mashahidi.

Ndipo neno lake la zamani likanirudia: sikuuliza seva, nimeuliza njia. Kitufe changu kizuri kilisoma habari mpya moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa. Lakini konvokasio hazitumwi na ukurasa ule. Zinatumwa na sehemu nyingine ya programu, inayofanya kazi nyuma kimyakimya, ikichukua barua moja baada ya nyingine. Sehemu hiyo niliiandika isome habari za seva mara moja tu, inapoamka. Na ilikuwa imeamka wiki nyingi zilizopita. Haikujua kwamba lori limebadili njia. Ilizipeleka barua zote kwenye mashine ya zamani, nayo mashine ya zamani, ambayo kampuni ilikuwa bado haijaizima, ilizipokea kwa heshima zote na haikuzipeleka popote.

Niliizima sehemu ile, nikaiamsha tena. Nikamtumia Mzee konvokasio mara ya pili.

Simu ikatikisika mezani. Alifunika maneno kwa kiganja, kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba safari hii mwenyewe ni yeye. Akakiondoa kiganja, akasoma kuanzia anwani, polepole, mpaka mwisho.

"Imefika," akasema. "Sasa watumie bengine."

Nikatuma. Hakuondoka. Alimwambia Mama Sekretari apigie watu kumi, wa sehemu mbalimbali, Kinama wawili, na asikubali jibu la "nadhani". Kabla hajamaliza wa tatu, simu ya ofisi ikalia yenyewe. Ilikuwa Gatumba. "Muambie ule muzee mwenzangu," sauti ikasema, "yangu imefika."

Mchana ule nilibadilisha programu, ili kila barua, kabla ya kutoka, isome kwanza habari za seva zilivyo saa hiyo. Nilimuuliza, akiwa mlangoni anaondoka, kwa nini hakuniambia miaka yote kwamba yumo kwenye orodha.

"Ungejua ni mimi, ungenichunga. Ungeangalia barua yangu kwanza, ungeipeleka kwa mukono. Mi nilitaka unisahau kama bengine."

Jumatatu nilisimama langoni. Yule msichana alikuja na konvokasio aliyoichapisha mahali, imekunjwa mara nne, akamwonyesha mlinzi kabla hajaombwa. Aliniuliza mwenzake yuko wapi. Nikamwambia kwamba ameandika, Jumamosi, kuwa anasikitika hataweza kufika.

Tangu hapo sijamfuta mtu yeyote bila kuuliza, na watu wamenichoka kwa maswali.

Mwezi uliopita tulihama tena seva. Mama Sekretari alibadilisha habari, kitufe kikakubali, kila kitu kijani. Sikutuma. Niliiangalia orodha ya waombaji, na lile jina refu halikuwemo. Nilikwenda na jambo hilo nyumbani, kama kawaida yangu, lakini asubuhi sikungoja siku tatu. Nilikwenda Buyenzi.

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya duka la vipuri. Alinijua kwa vishindo vya miguu, akaniita Lisansiye kabla sijasalimia. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Simu ile ndogo ilikuwa bado mfukoni.

"Mwaka huu hukuomba, Mzee."

"Fomu yenu ni ndefu. Na mi sioni tena. Nani atajaza?"

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikafungua tovuti kwenye simu yangu, nikamuuliza swali moja baada ya jingine, naye akajibu yote, hata mwaka aliozaliwa. Tulipofika kwenye lile swali, alisema niandike kama zamani. Kisha nikampigia Mama Sekretari, nikamwambia amtumie mwombaji huyu konvokasio, peke yake, kwa njia ya watu.

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akigonga chuma. Nilihesabu mapigo ya nyundo. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria yote yanayoweza kuwa yameharibika, simu ilipotikisika kwenye mfuko wa shati lake. Aliitoa, akaigonga mara mbili juu ya goti, akanipa.

"Soma. Anza na anwani."

Nikasoma anwani, kisha maneno yote, kwamba anaitwa kwenye mtihani wa kujiunga na masomo ya ukunga, aje na kitambulisho na kalamu ya bluu, asichelewe. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Halafu akanipa jibu la kuandika. Nashukuru kwa kuniita. Nasikitika kwamba sitaweza kufika. Kisha akaongeza sentensi ambayo haikuwa kwenye zile karatasi sita: Kiti changu mumupe mwingine.

Niliandika, nikarudia kusoma, nikasahihisha nukta, nikakaa na kidole juu ya kitufe, kisha nikabonyeza.

"Umetuma?"

"Nimetuma, Mzee."

"Imefika?"

Nilifungua mdomo kumwambia ndiyo, nikaufunga. Nikampigia tena Mama Sekretari, nikaweka sauti juu.

"Imefika, imefika," akasema. "Mwambie Mukunga, kiti chake kiko na mutu."

Mzee aliichukua simu yake kutoka mkononi mwangu, akairudisha mfukoni, akaufunga mfuko kwa kifungo.

"Haya, Lisansiye," akasema. "Simama. Bengine bado wanangoja."